Bei Niliyoomba Isishuke

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na wewe uliyefika hapa kwa miguu kwa sababu bisi zimekosa mafuta, na asifiwe na wewe uliyekaa pale nyuma karibu na mlango ili ukichoka utoke bila kuonekana. Nakaa mbele leo kwa sababu nimeitwa, lakini kwa muda mrefu mahali pangu palikuwa pale mlangoni.

Jina langu ni Générose. Kwetu Musaga watu wananiita Mama Gloria, kwa mtoto wangu wa kwanza, na mjini kwenye biashara wananiita Mama Ordinateri, kwa sababu nauza kompyuta. Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ndiyo maana mchungaji wenu wa hapa Cibitoke alipoomba nije niseme, nilimwambia nitasema kwa Kiswahili, na yeye akakubali. Mimi si mhubiri. Nitaeleza tu yale yaliyonipata na jinsi Mungu alivyonitoa.

Ndugu zangu, kuna wakati kompyuta ilikuwa kitu cha kuogopwa katika mji huu. Nilipoanza biashara, mzee mmoja aliingia dukani kwangu akaomba maji anawe mikono kwanza kabla ya kuigusa. Waliokuwa wakinunua ni maofisi, watu wa miradi, na wafanyabiashara wachache wenye mtoto anayekwenda kusoma nje. Nilikuwa nikiuza moja tu, nyumbani tunakula mwezi mzima. Mume wangu, Anselme, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Mashini zile ndizo zilizosomesha watoto wetu. Ndizo zilizotupatia parseli kule Gasenyi, kiwanja kidogo pembeni mwa mji, tukaanza kupanga mawe ya msingi wa nyumba. Siku za Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakwenda kukaa juu ya yale mawe. Anselme ananionyesha sebule, mi namwonyesha jiko. Tulikuwa na furaha.

Kisha nikapata nafasi ya kuleta mzigo mkubwa kutoka Dubai, kupitia Dar es Salaam. Mashini mpya, ndani ya makartoni yake, hazijaguswa na mtu. Hatukutaka kukopa. Tuliongea mimi na mume wangu, tukaomba, tukaamua kuuza parseli. Tulisema, tukishauza mzigo huu tutanunua kiwanja kingine kikubwa zaidi. Hesabu ilikuwa nzuri. Hata leo nikiirudia sioni kosa ndani yake, kwa zile bei za wakati ule.

Mzigo ukafika salama. Nikaupanga dukani mpaka karibu na dari, nikamshukuru Mungu.

Ndugu zangu, ni wakati huohuo mashini za okazyo zilipoanza kuingia mjini. Ni zile zilizokwisha kutumiwa na maofisi ya Ulaya na Uarabuni, wakazitoa, zikasafishwa, zikaletwa kwetu. Zilikuja nyingi. Zilipangwa juu ya meza kando ya barabara kama viatu. Bei yake ilikuwa chini sana ya bei yangu. Nilijipa moyo nikasema, mwenye kutaka kitu kizuri atakuja kwangu. Lakini hata mpya zikaanza kushuka. Wenzangu waliokwenda Dubai baada yangu walinunua kwa bei ndogo, wakauza kwa bei ndogo. Mimi mzigo wangu ulikuwa bado na bei ya zamani.

Nikashusha kidogo. Nilidhani bei ikishuka watu watakuja mbio. Na kweli walikuja. Duka halikuwahi kupata watu wengi namna ile. Lakini sikilizeni jinsi walivyokuja.

Mtu anaingia, anafungua mashini, anabonyeza, anafunga. Ananiuliza:

"Mama, hii ni bei gani?"

Namwambia.

"Mwezi uliopita ulisema nyingine."

"Ndiyo, imeshuka."

"Kumbe inashuka! Basi mi ntangoja. Mwezi ujao itashuka tena."

Anaondoka. Mwezi ujao bei imeshuka kweli, naye anarudi, anauliza, anafurahi kwamba hakukosea, anasema atangoja tena. Na mimi namwelewa. Ni nani atatoa akiba yake leo anunue kitu ambacho jirani yake atakinunua kesho kwa bei ndogo, amcheke? Watu walikuwa wanaitazama bei kama unavyotazama mvua ukiwa umejibanza barazani, unangoja ipungue ndipo utoke. Na kila nilivyoshusha kidogo, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba itashuka tena. Maofisi nayo hayakuja, maana yalikuwa yameshajaza meza zao.

Kwa wale wasiojua biashara ile, kompyuta haingoji kama maharagwe. Ikikaa ndani ya kartoni inazeeka bila kutumika. Inakuja nyingine yenye nguvu zaidi, na ile yako inakuwa ya jana. Nilikuwa nafungua duka asubuhi, naangalia makartoni yale, naona kama nyumba yetu ya Gasenyi inamomonyoka mbele yangu, na mimi nimekaa kwenye kiti naangalia.

Basi nikakimbilia maombi. Katika kanisa letu la Musaga tuna kikundi cha akina mama, tunaomba kila Jumatano mchana. Nilisimama pale nikasema haja yangu wazi. Nikasema, "Wapendwa, muniombee. Bei ya mashini isimame. Isishuke tena. Ikisimama tu, watu wataacha kungoja, watanunua, na mimi nitapona." Akina mama wale walinipenda. Walinizunguka, wakaweka mikono yao juu yangu, wakaomba. Jumatano ikifuata, tunaomba tena. Tulifunga na kuomba. Wengine hata hawakuwahi kugusa kompyuta, lakini walililia bei ya kompyuta kama vile wanalilia mtoto mgonjwa. Siwezi kuusahau upendo ule.

Katika kikundi kile kulikuwa na mama mmoja anaitwa Consolate. Anauza unga wa muhogo, mwanamke mpole, hasemi sana. Kila tukiulizwa haja, yeye alisema maneno yaleyale: "Muniombee kwa ajili ya mutoto wangu, njia ipatikane." Hatukujua ni njia gani. Tulijua tu ana binti mlemavu, Nadège, ambaye alikuwa akimbeba mgongoni kumleta kanisani mpaka alipokuwa mzito mno. Na mara nyingine Consolate alipita dukani kwangu mjini akitoka kununua mihogo. Anasimama, anaangalia, anauliza bei, anashukuru, anaondoka. Sikulifikiria sana jambo hilo. Katika siku zile kila mtu alikuwa anauliza bei na kuondoka.

Tuliomba, ndugu zangu, na bei ikashuka.

Nakumbuka siku niliyoanguka. Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Rafiki yangu mmoja mwenye biashara alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kunisaidia. Akaniambia bei mpya waliyopewa kule, akasema, "Dada, kama una mzigo bado, utoe." Nilitaka kumjibu. Mdomo ukawa mzito. Nikaona makartoni yanazunguka, nikasikia kiti kimeanguka, kisha sikusikia kitu.

Mzee Seif ndiye aliyenichukua. Huyu ni jirani yangu wa duka, Mwislamu, babu yake alitoka Omani, na familia yao iko hapa mjini tangu zamani. Anauza kufuli, taa na vyombo vya umeme. Aliniweka kwenye gari lake akanipeleka hospitali, akampigia simu mume wangu, akakaa kwenye benchi mpaka Anselme alipofika. Daktari akasema tansio, presha ya damu, imepanda sana, imebaki kidogo mshipa upasuke kichwani. Wakanipa dawa, wakanilaza, wakaniruhusu kurudi nyumbani.

Tansio ilishuka. Lakini mimi sikuamka. Sijui niwaelezee vipi. Mwili ulikuwa mzima, naweza kusimama, naweza kutembea, lakini nilikuwa nalala kitandani nimegeukia ukuta tangu asubuhi. Chakula sikukitaka. Watoto wakiniongelesha nilikuwa nasikia sauti zao kama zinatoka nyumba ya jirani. Gloria alikuwa anakuja kunisuka nywele, nami namwachia kichwa changu kama si changu. Duka likafungwa. Anselme alikuwa anatoka shuleni, anapika, anafua, anakaa pembeni ya kitanda na sahani mkononi.

"Mama Gloria, kula kidogo."

Sijibu.

"Parseli tuliuza sisi wawili. Kwa nini unaibeba peke yako?"

Mume wangu hakunilaumu hata siku moja. Nilitamani angenilaumu.

Nitawaambia ukweli, kwa sababu labda hapa kuna mtu anayelala akigeukia ukuta kama mimi. Nilimwambia Mungu anichukue. Sikumwambia kwa hasira. Nilisema polepole kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilisema, nilikuomba jambo moja tu, tena kwa kufunga na kwa machozi, pamoja na watu wako, nawe umefanya kinyume chake. Basi sina tena cha kuomba. Nichukue.

Akina mama wa kikundi walikuja kuniona. Waliimba, wakaomba, wakaacha sukari na sabuni, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimelala tu. Lakini Consolate hakuondoka pamoja nao. Alibaki amekaa chini juu ya mkeka, karibu na mlango wa chumba. Nilimsikia analia. Alilia kwa muda, bila sauti kubwa, mpaka nikageuka kumwangalia, maana ilikuwa ni kilio cha mtu mwenye woga.

Akasema, "Mama Gloria, nimekuja unisamehe. Ni mimi nimekuangusha."

Nikajivuta mpaka ukingoni mwa kitanda.

"Siku zile zote tulipokuwa tunakuombea, munasema bei isishuke, mi nilikuwa nasema amina na mdomo. Lakini ndani ya moyo nilikuwa naomba ishuke. Kila Jumatano. Nimeweka mukono yangu juu ya bega yako, na namwambia Mungu, Bwana, ishushe. Sasa imeshuka, na we umeanguka. Mana yanje, Mungu wangu, ni maombi yangu ndiyo yamekuua."

Ndugu zangu, tangu siku niliyoanguka sikuwa nimetamka neno zima. Hapo nikasema, "Kwa nini?"

Ndipo akanieleza habari za Nadège.

Mtoto yule alizaliwa vibaya. Mikono yake imepinda, vidole vinajifunga vyenyewe, na akisema, maneno yanatoka yamevunjika hata mama yake hasikii yote. Lakini macho yake yanasikiliza. Consolate alimpeleka shule ya mtaani kwao, akawaomba walimu wamwache akae tu. Mtoto akakaa. Wenzake walijifunza kusoma na yeye akajifunza, bila mtu kujua, kwa kuangalia. Ukifika wakati wa mtihani hawezi kushika kalamu, hivyo karatasi yake inabaki nyeupe, na mwaka mwingine anarudi kukaa palepale, pamoja na watoto wadogo zaidi. Akawa mkubwa kuliko darasa lote. Siku moja mtawa mmoja aliyekuja kutembelea shule akafungua mashini yake mbele ya Nadège. Mtoto akainua mkono wake uliopinda, akauangusha kwa kidole kimoja juu ya herufi, akaandika N. Yule mtawa akamwambia Consolate, "Mama, mtoto huyu anaweza kuandika. Mtafutie mashini."

"Tangu siku ile nilianza kuweka akiba," Consolate akasema. "Nilikuwa nakuja kwako naangalia bei. Akiba yangu ilikuwa chini sana, na bei ilikuwa juu sana. Nikajua hata nikiuza unga mpaka nizeeke haitatosha. Akiba inapanda kidogo tu. Basi nikaona lazima bei ishuke, vikutane njiani. Nikaanza kuomba. Sikujua kama we utaumia. Nilipojua, sikuweza kuacha. Ni mutoto wangu."

Nilimsikia Anselme pale jikoni ameacha kuosha vyombo.

Siwezi kusema kwamba niliona mwanga au nilisikia sauti. Nililia. Tangu siku niliyoanguka sikuwa nimelia, na siku ile nililia mpaka shuka likalowa. Nilikuwa nimefikiri kwamba Mungu hakusikia. Nilikuwa nimefikiri mbingu zimefungwa. Kumbe katika chumba kilekile, Jumatano ileile, mkono wa mwanamke mwingine ukiwa juu ya bega langu, yeye alikuwa anasikilizwa. Tulikuwa tumepiga magoti pamoja, mimi naomba bei isimame, yeye anaomba ishuke, na Mungu wetu ni mmoja. Na wote waliosema watangoja, wale niliowaona kama wananikataa, sikuwahi kujiuliza nyumbani kwao wanangojea nini, au ni nani anayengoja pamoja nao.

Nikamuuliza, "Akiba yako imefika ngapi?"

Akanitajia. Haikuwa mbali na bei ya siku ile.

Nikasema, "Kesho asubuhi twende dukani. Nitakupa moja, umpelekee mtoto."

Consolate akafuta macho. Akakaa vizuri juu ya mkeka. Akasema, "Apana, Mama Gloria. Mi sikuomba sadaka. Niliomba bei."

Siku iliyofuata niliamka. Anselme aliomba ruhusa shuleni akaja pamoja nami. Tulipofika, Mzee Seif alitoka dukani kwake akatusaidia kusukuma mlango, ulikuwa umekwama kwa vumbi. Akasema, "Alhamdulillahi, binti yangu, umerudi." Kisha akaniona nimesimama mbele ya makartoni, nimeshika kalamu na kipande cha karatasi ngumu, nashindwa kuandika bei.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Mzee, nikiandika bei ya leo, nimekula hasara. Nilinunua kwa nyingi kuliko hii."

"Hasara umeshaila siku nyingi, hujaikubali tu. Hiyo bei uliyonunulia unaijua wewe na mumeo. Mnunuzi yeye ana haja yake na ana mfuko wake, basi." Akakaa juu ya kartoni, akaendelea. "Marehemu baba yangu aliuza redio katika duka hilihili. Redio ilipokuwa ghali walinunua mapadri na wakubwa. Ikaja kushuka. Baba alikasirika, akazifungia stoo, akasema zitapanda. Hazikupanda. Waliouza kwa bei ndogo ndio waliopata watu, na watu wale wakarudi kununua betri, wakarudi kutengeneza. Rizki ilikuwa huko, sisi tumekaa na stoo. Andika, binti yangu. Mlango wako ukifungwa hata mimi sipati wateja."

Nikaandika bei ya siku ile. Ilikuwa kana kwamba natia sahihi kwenye kifo changu. Anselme akachukua ile karatasi akaitundika nje, mahali ambapo mtu akipita barabarani ataiona.

Consolate alikuwa wa kwanza. Alifungua kitenge chake, akatoa pesa zake zilizokunjwakunjwa, zinanukia muhogo, akaniwekea mezani zote, zikatimiza bei ya kwenye karatasi, na mimi nikampa mashini mpya ndani ya kartoni yake. Aliibeba kichwani. Nilimwangalia anavyokwenda na barabara, wima, mkono mmoja juu ya kartoni, mpaka akapotea kwenye watu.

Halafu wakaja wengine. Ndugu zangu, ninyi mnaouza vitu mtanielewa. Nilikuwa nimeshusha kidogokidogo, na kila hatua watu wakangoja. Siku ile nilishusha mpaka pale ambapo haja zao na mifuko yao vinakutana, na hawakungoja tena. Akaja fundi cherehani wa Musaga, anataka kuonyesha wateja mitindo. Akaja msichana anayesomea uuguzi, alikuwa anaandika kazi zake kwa simu mpaka macho yakaharibika. Akaja kiongozi wa kwaya. Akaja baba mmoja mzee mwenye mtoto mbali, ng'ambo, anataka kumwona uso mkubwa kuliko ule wa kwenye simu. Watu hawa wote walikuwa katika mji huuhuu miaka yote ile niliyokuwa nauzia maofisi. Sikuwajua. Bei ilikuwa imesimama katikati yetu kama ukuta.

Mzigo uliisha. Sitawadanganya, pesa iliyorudi ilikuwa pungufu, na parseli ya Gasenyi haikurudi. Leo kuna nyumba ya mtu mwingine juu ya mawe yetu. Mi sikuja kuwaambia kwamba ukiamini utarudishiwa mara mbili. Kwangu haikuwa hivyo. Lakini wale walionunua walirudi. Huyu anataka chaja, huyu imeingia maji, huyu hajui hata namna ya kuandika barua. Anselme akaanza kuwafundisha Jumamosi, hapohapo dukani, wazee na vijana pamoja. Ndiyo kazi inayotulisha mpaka leo. Sasa naleta mashini chache, nauza haraka kwa bei ya siku, naleta nyingine. Faida ya moja ni ndogo. Wanunuzi ni wengi.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ndilo mchungaji alitaka mlisikie.

Miezi michache baada ya hapo Consolate alitualika kwake. Nadège alikuwa amekaa, mashini imewekwa juu ya kigoda, imefungwa kwa kamba isianguke. Alikuwa amejifunza polepole, na siku ile alitaka kuandika mbele yetu. Aliinua mkono, ukatetemeka, akauangusha. Herufi moja. Akapumzika. Akainua tena. Jasho lilikuwa linamtoka. Hakuna aliyemharakisha. Mimi nilikuwa nimekaa najiambia ataandika neno la Mungu, au ataandika asante.

Alipomaliza, Consolate, ambaye hajui kusoma, akanigeukia. "Mama Gloria, nisomee. Mutoto wangu anasema nini?"

Nikasogea. Nikasoma. Alikuwa ameandika: *Mama sipendi uji bila sukari. Tangu zamani sipendi.*

Tulicheka, ndugu zangu. Nadège mwenyewe alicheka mpaka mwili ukamtetemeka. Kisha Consolate akaacha kucheka. Akashika uso wa binti yake kwa mikono miwili, akasema, "Miaka hii yote. Ulikuwa unakunywa tu, na mi sikujua." Na akalia, na sote tukalia. Mwaka ule Nadège alifanya mtihani wake kwa mashini, shule ikakubali, na akapita darasa pamoja na wengine. Siku hizi ananiandikia mambo mengi, mengine ya kunigombeza.

Ndugu zangu, sijui kama Mungu alishusha bei ya kompyuta za dunia nzima kwa ajili ya mtoto mmoja wa Musaga. Mimi si mtu wa kusema mambo makubwa namna hiyo. Najua tu kwamba nilikuwa nimefungwa na woga, woga ule ukanilaza, na Bwana akanifungua kwa mkono wa mwanamke aliyekuwa anaomba kinyume changu. Ombi langu halikujibiwa nilivyotaka, na mimi niko hapa nimesimama, nakula, nalala, naongea na watoto wangu. Namshukuru. Namshukuru kwa Anselme aliyekaa na ile sahani. Namshukuru kwa Mzee Seif. Namshukuru kwa Consolate, ambaye alikuwa na ujasiri wa kuja kuniambia.

Juma hili bei imeshuka tena. Nilipata ujumbe Ijumaa. Niliusoma, nikamwonyesha Anselme, tukaandika karatasi mpya, tukatundika. Usiku nililala.

Wewe uliyekaa pale nyuma, ambaye umeomba mpaka umechoka na unaona mambo yanazidi kushuka, sikufahamu na sijui unangoja nini. Usitoke bado. Njoo hapa mbele polepole, hata kama huna neno la kusema. Kuna akina mama hapa watakaokushika bega. Nami nitakuwa mmoja wao. Tuombe.